Vipele vya Mwalimu Breki

Mwalimu Breki alikuwa akifundisha udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake kwa sababu ndilo neno alilolipigia kelele kutwa nzima. Alikuwa mwanamume wa kujipenda: suruali za kubana, akikaa unausikia mshono ukilalamika, manukato yanayoingia mlangoni kabla yake, na maoni juu ya kila jambo, hasa yale asiyoyajua.

Basi asubuhi moja akaamka na vipele kinenani. Vyekundu, vyenye vichwa vyeupe, na vingine vimeteremka hadi kwenye ngozi ya shina la uume. Vikiguswa na nguo vinachoma kama pilipili. Akajifungia bafuni na kioo cha mkewe cha kujipodolea, akajikagua huku amejikunja kama mtu anayetafuta shilingi uvunguni.

Mtu mwingine angekwenda hospitali. Breki akakamua. Kimoja kilipogoma, akakikamua kwa hasira, kisha akakipaka dawa ya meno. Hakikusikia. Akaleta spiriti. Yowe alilotoa lilimfanya mkewe, aliyekuwa sebuleni akishona, aondoe mguu kwenye cherehani.

"Kuna nini humo?"

"Mende!"

"Mende ndiye anayelia hivyo, au wewe?"

Kazini akawa anakaa upande upande, tako moja kitini na jingine hewani, na kila gari lilipopita kwenye shimo macho yalimtoka. Mchana akawauliza walimu wenzake, kwa niaba ya rafiki yake. Wenzake, ambao wote walijua huyo rafiki anavaa suruali gani, wakamjibu kwa uso mkavu kwamba vitu hivyo huletwa na mke. "Mwambie rafiki yako afungue macho nyumbani kwake," alisema mmoja, kisha akageuka dirishani mabega yakimtikisika.

Breki alifungua macho kwelikweli. Jioni ile alimwita shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Akamkalisha sebuleni, akakohoa kama hakimu.

"Shemeji, dada yako kaniletea ugonjwa."

Fundi bomba akamtazama dada yake. Dada mtu akakata uzi kwa meno, taratibu.

"Ugonjwa gani, baba watoto?"

"Unaujua mwenyewe! Mimi mwanamume mwaminifu, natoka kazini narudi nyumbani, leo nashindwa hata kukaa!"

"Nikuulize. Daktari kasemaje?"

"Daktari wa nini? Mimi mwenyewe naona!"

"Ahaa. Umejipima kwa kioo changu," alisema mkewe, akikunja nguo aliyokuwa akishona. "Basi kesho twende tukapime wote wawili. Na kaka awe shahidi kwamba mimi ndiye niliyesema twende."

Breki hakulala vizuri, lakini kukataa angeonekanaje?

Daktari alikuwa mzee mwenye miwani puani na uso wa mtu ambaye ameshaona kila kitu kinachofichwa na suruali. Alimkagua kwa haraka, akavua glavu.

"Ulinyoa lini?"

Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na pochi mapajani, akainua kichwa polepole.

"Kunyoa... kidogo tu, wiki iliyopita," alisema Breki.

"Kwa wembe butu, bila maji wala sabuni. Sivyo? Halafu ukavaa suruali ya kubana, ukakaa kwenye joto na jasho siku nzima. Vinyweleo vimevimba, na nywele nyingine zimerudi ndani ya ngozi. Hiki kikubwa hapa kilikuwa kipele kama wenzake. Wewe ndiye umekifanya jipu kwa kukamua."

"Si ugonjwa wa... wa kuletewa?"

"Upo wa namna hiyo, na ndiyo maana hatukisii. Malengelenge yanayokaa kwa mafungu, au kidonda kilicho wazi hata kama hakiumi, vingenitia wasiwasi. Hapa sivioni, lakini damu mtapima. Kwako, osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha. Jikande kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku. Chupi ya pamba, suruali pana. Usinyoe mpaka pamepona. Dawa ya meno ni ya meno. Jipu likizidi kuvimba au ukipata homa, njoo siku hiyohiyo."

Majibu ya damu yalitoka safi, ya wote wawili. Breki akashusha pumzi, akamtazama mkewe kwa tabasamu la kuomba yaishe. Mkewe alikuwa anahesabu mambo mengine. Miaka nenda miaka rudi katika ndoa yao, mume huyu hakuwahi kunyoa ila akumbushwe kwa ugomvi.

Breki naye alikumbuka. Kulikuwa na mwanafunzi wake mmoja, mwanadada mhasibu mwenye vishimo mashavuni, aliyekuwa akicheka kila alipokosea gia. Breki alikisoma kicheko kile kama mwaliko, akaanza matayarisho. Wembe aliuokota dirishani. Wiki hiyohiyo yule dada alikwenda ofisini kuomba mwalimu mwingine, eti manukato ya huyu yanamtia kichefuchefu.

"Uliita kikao kunishitaki," mkewe alisema walipofika nyumbani. "Sasa kiite tena."

Fundi bomba akaja, akakaa palepale. Breki, ndani ya suruali pana ya kuazima, akaeleza habari za vinyweleo kwa maneno ya kitaalamu, akaomba radhi akiwa ameinamisha kichwa. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana. Sasa shemeji, ulikuwa unamnyolea nani?"

"Ah, joto tu, shemeji. Joto la siku hizi."

"Joto la nani?"

Breki akamtazama mkewe apate msaada. Mkewe alivuta kiti, akakaa karibu na kaka yake, akakunja mikono.

"Jibu," alisema. "Na mimi nasikiliza."