Sifuri ya Mwalimu Wilfred

Mwalimu Wilfred alitufundisha hesabu sote wanne sekondari, na ndiyo maana hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia kakosea. Siku hizi kastaafu, anakaa Pangani, hapahapa Kibaha. Ndiye mwanzilishi wa programu yetu ya simu: mfugaji anaingiza uzito wa mnyama, simu inamwambia achome dawa ya minyoo kiasi gani. Ni ya bure, na kila mstari wake uko wazi mtandaoni kwa anayetaka kuusoma. Sheria yetu moja tu: badiliko haliingii mpaka mwenzako alikague na kuliidhinisha.

Haya, kagua kazi ya mwalimu wako tuone. Chini ya kila badiliko lake tunaandika, "Shikamoo mwalimu." Anajibu, "Marahaba." Tunaidhinisha. Huo ndio ukaguzi wetu, jamani!

Kila tukiijenga programu, kompyuta ilitoa maonyo mia mbili na kumi na nne. Nikaanza kuyasoma moja moja. Mengi ya kipuuzi, ila moja lilinishtua: hapa mnaweka namba yenye desimali mahali pa namba nzima, desimali itapotea. Nikamwandikia mwalimu. Akajibu, "Eugenia, onyo si kosa. Programu si inafanya kazi?"

Asubuhi waliyokuja wageni kutoka Dar kuiona programu, mwalimu akaongeza mstari mmoja: maonyo yote yasionyeshwe. Kama mtu aliyesikia hodi akasukumia vyombo vichafu uvunguni. Aliyeidhinisha nani? Mimi hapa. Shikamoo, marahaba, nikabonyeza. Wageni wakaona skrini safi, wakapiga makofi, na mwalimu akapigwa picha na tai yake. Nami nikapiga makofi, mjinga mimi.

Miezi miwili baadaye ikaja simu kutoka Mzenga, kule Kisarawe. Mama Kabula, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, ndama wake mmoja amekufa, wawili wamekonda hawana nguvu. Nikabeba laptopu, nikapanda bodaboda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie ndio mnaotengeneza hii?" Akanipa simu yake.

Ndama wa kilo thelathini anatakiwa achomwe mililita sifuri nukta sita. Desimali imekatwa, imebaki sifuri. Chini yake maandishi ya kijani: Hongera, mfugaji wa kisasa!

"Wakubwa niliwachoma wote," alisema. "Hawa simu ikasema sifuri. Nikajua basi, wadogo hawana minyoo. Wasomi watanidanganya mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila ndama wa chini ya kilo hamsini, kwa kila mfugaji anayetuamini, kapewa sifuri. Nikapiga hesabu kwa kalamu, tukawachoma wale wawili.

"Mlikuwa hamjui?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Nilijua kuna tatizo, mama. Niliona aibu kubishana na mkubwa."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Kwa hiyo ndama wangu amekufa kwa aibu yako."

Nikakaa palepale kando ya zizi, nikafungua laptopu. Nikarekebisha ile namba, nikaufuta mstari wa mwalimu, na maonyo yakarudi yote yamejaa skrini. Nikatuma, nikaomba mtu aidhinishe. Wenzangu watatu hawakubonyeza. Walikuwa wakisubiri mkubwa aseme.

Mkubwa akasema: "Eugenia, siku hizi huamkii? Na nani kakuruhusu kurudisha uchafu huu?"

Pembeni yangu kulikuwa na kigingi, na kamba ya yule ndama aliyekufa bado imefungwa pale, haina kitu. Nikaipiga picha. Nikaibandika chini ya swali lake, nikaandika: "Kagua, mwalimu."

Nikasubiri nusu saa nzima. Mama Kabula akaniletea maji.

Kisha mwalimu akaidhinisha.