Kitabu cha Kushindwa

Katika Chama chetu cha Mazingaombwe ya Mezani, juu ya baa ya Casilda kule Lavapiés, kuna kabati la vitabu. Rafu za chini zimejaa vitabu vya mbinu: jinsi ya kuficha karata kiganjani, jinsi ya kuchanga bila kuchanga. Kurasa zake zina mafuta ya kimanda na alama za vikombe, kwa sababu watu huvisoma huku wakila. Rafu ya juu ina vitabu vya nadharia na insha. Hivyo vimebaki safi kama vimetoka kiwandani leo, na kila mwanachama atakuapia kwamba amevisoma vyote.

Mimi ndiye mtunza kabati. Cheo nilipewa kwa sababu mimi ndiye mdogo kuliko wote na ngazi ya kufikia rafu ya juu inayumba. Walisema mimi nikivunjika nitaungana haraka.

Majira ya baridi yale Don Evaristo Quiroga alipigwa na kiharusi. Alipona, au ndivyo tulivyosema sisi. Mdomo ulirudi mahali pake na mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki umelala kama mgeni aliyekunywa sana. Hebu fikiria mwanamuziki wa zumari aliyeng'olewa meno. Kwa miaka mingi mkono ule ulikuwa umetuibia saa, pete na kiburi.

Tatizo lake halikuwa mkono peke yake. Kila mwaka baada ya Pasaka, sisi wenye viti mezani hucheza mbele ya wenzetu, mmoja baada ya mwingine. Anayeshindwa anaacha kiti chake na kwenda kukaa kwenye benchi la ukutani, pamoja na wageni. Wakati ule benchini alikuwa mzee mmoja tu, na kila Jumamosi alitueleza kwamba kiti kilikuwa kinamuumiza mgongo. Hakuna aliyewahi kuliona benchi lile likimrudisha mtu mezani.

Don Evaristo alinikuta nikifuta vumbi.

"Ximo, mwanangu, nichagulie vitabu."

"Vya nini, Don Evaristo? Vya mapishi?"

"Vya mtu asiye na mkono. Hivyo vya mbinu usiniletee, nitalia. Niletee vya wale waliokaa wakafikiri."

"Hao ni wale walioshindwa kucheza."

"Basi na mimi sasa ni mwenzao," akasema. "Usinibakishie kiti kwa huruma, wewe wala Baltasar. Nataka nikae pale kwa sababu nimewadanganya."

Baltasar Ureña ni mwenyekiti wetu. Ana sauti ya padri na tumbo la padri, na huruma huigawa kama mkate wa ibada, kipande kidogo kwa kila mtu.

Nilipanda ngazi. Cha kwanza nilichochagua kilihusu macho: mtazamaji anaangalia wapi, lini na kwa nini. Cha pili kiliandikwa na mwanamke mmoja wa Zaragoza, kuhusu kumwachia mtazamaji afanye kazi yote kwa mikono yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilichomfaa, maana kama una mkono mmoja, azima miwili ya mwenzako. Cha tatu nilikitia mfukoni kwa mzaha. Kilikuwa chembamba, jalada rangi ya maji ya dengu, insha za Mreno mmoja, na zote zilihusu kushindwa. Nilitaka kuona atanitukana vipi.

Doña Obdulia, mkewe, ndiye aliyenifungulia mlango. Hajawahi kupenda mazingaombwe. Anasema ameolewa na mtu ambaye hata chumvi akiulizwa iko wapi huanza kwa kuonyesha mikono mitupu.

"Umemletea nini tena?"

"Vitabu, mama."

"Daktari amesema apumzike."

"Ni vya nadharia. Vinalaza kuliko vidonge."

Hakucheka, ila alinipisha.

Don Evaristo alikuwa na njia yake ya kupima kitabu. Alikifungua katikati kwa mkono wa kushoto, akasoma ukurasa mmoja, akakifunga, akaishika karata iliyokuwa mezani na kujiuliza kwa sauti: "Sasa karata hii nitaishika tofauti na nilivyoishika jana?" Kama jibu ni hapana, kitabu kimeanguka mtihani, hata kama mwandishi ana medali mpaka kwenye viatu.

Kile cha macho kilianguka. "Huyu anajua macho yanakwenda wapi," akasema, "lakini akishayapeleka huko anahitaji mkono wa kufanya uovu. Mkono sina."

Kile cha mama wa Zaragoza alikishika muda mrefu zaidi. Niliona kimempendeza.

"Hiki ndicho," nikasema. "Baltasar atachanga, Baltasar atahesabu, wewe utakaa tu kama mfalme."

"Na wote watajua kwa nini nimekaa. Watasema, masikini Evaristo, siku hizi anachezewa." Akakisukuma pembeni. "Nini hicho mfukoni?"

"Huu ni utani wangu tu."

"Utani wako naujua. Lete."

Akakifungua katikati. Akasoma, akarudia tena. Kisha akanisomea. Yule Mreno alikuwa ameandika kwamba mtu anayekuonea huruma haangalii mikono yako. Mwache akuonee, shindwa mara ya kwanza acheke, shindwa mara ya pili anyamaze, na ukishindwa mara ya tatu, kaa kimya mpaka atamani kurudi nyumbani. Hapo ndipo umlipe.

Don Evaristo akaishika ile karata. Ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Akaitazama pale chini kwa muda, halafu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

"Ximo. Kuanzia leo mkono huu hauugui. Unaigiza."

Nikamwambia sikipendi. Nikamwambia kile cha Zaragoza ni cha salama.

"Wewe ndiye uliyekileta," akasema.

Basi wiki zile zote alifanya mazoezi ya kushindwa. Nilikwenda mara nyingi kumwona. Alijifunza kuangusha karata kwa namna ambayo hukujua kama imeanguka au imeangushwa, hata mimi niliyejua. Akipaliwa na kahawa, ananitazama aone kama nimeamini. Doña Obdulia akitokea jikoni mbio, anamwambia, "Naigiza, mke wangu," naye anarudi jikoni akitaja watakatifu kwa majina. Mwishowe mama aliacha kutoka jikoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Chini kwa Casilda walikuwa wanakunywa vermut, ile divai ya mitishamba, na harufu ya mchuzi wa dengu ikapanda mpaka juu. Doña Obdulia alikaa baa. Alisema atamsubiri mumewe pale, na huko juu wachezeane wenyewe.

Hapo kuna kanuni moja ambayo lazima niitaje. Mtu akishaanza kucheza mezani kwetu, hakuna wa kumgusa, kumsemesha bila kuulizwa wala kuinuka mpaka amalize. Na atakuwa amemaliza pale tu atakapoweka viganja vyote viwili vikitazama juu, juu ya kitambaa cha meza. Kanuni ilitungwa kwa sababu ya wajinga waliokuwa wakipiga makofi kabla ya mwisho na kuua mchezo wa watu.

Don Evaristo alikaa. Mkono wa kulia akauegemeza mezani kama anavyoweka mtu mwavuli. Akamwambia Baltasar achague karata, aitazame, airudishe. Baltasar akaitazama kwa macho ya mazishi, akairudisha.

"Tisa ya pau," akasema Don Evaristo.

"Hapana, ndugu yangu."

Akataka kukata karata, zikamponyoka zote, nyingine mezani, nyingine miguuni mwa Fulgencio, mtunza kanuni wetu. Watu wakacheka kidogo. Yule wa benchini akasogea akampa nafasi, jambo lililoniuma.

"Ni za Ureno hizi, hazinielewi," Don Evaristo akasema. Akaokota moja kwa mkono wa kushoto. "Malkia wa uru."

"Hapana," Baltasar akasema kwa sauti ya chini.

Sasa hakuna aliyecheka. Nilimwona Fulgencio akitazama kucha zake. Nami moyoni nilikuwa nafurahi kama mwizi, maana huruma ilikuwa imejaa chumbani na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiangalia mkono wa kushoto. Mreno alikuwa sahihi neno kwa neno.

Don Evaristo akainua karata ya tatu. Akafungua mdomo.

Hakusema kitu.

Karata ikakaa hewani, halafu ikashuka polepole mpaka mezani. Akamtazama Baltasar. Baltasar akamtazama yeye. Kimya kikaingia, na kilikuwa kimya kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia mezani kwetu. Nikajisemea, mzee, umekichukua kiti. Wenzangu nao, wakongwe wote hao, walianza kuelewa. Niliona nyuso zikibadilika moja moja, huruma ikiondoka na tabasamu likiingia, wakijua sasa kwamba wamepelekwa mahali na malipo yanakuja. Fulgencio akaegemea mbele. Wote tulikuwa tumekaa tunatabasamu. Mate yalimtoka Don Evaristo upande mmoja wa mdomo, na jirani yangu akanigusa na kiwiko, kama kusema, umeona huyo, hata mate.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mlango ukafunguliwa. Doña Obdulia alikuwa amepanda kusema dengu zinapoa. Akasimama pale mlangoni.

"Tss," Fulgencio akamwambia. "Hajamaliza."

"Mdomo wake," akasema Doña Obdulia.

"Mama, tafadhali, kaa benchini."

"Mdomo umekwenda upande. Pigieni simu gari la wagonjwa, nyie wapumbavu. Huyo haigizi."

Ndipo tulipoinuka.

Walipomshusha ngazi, nilirudi juu kuchukua koti lake. Kitambaa cha meza kilikuwa kimevutwa upande, na mbele ya kiti cha Baltasar, chini ya kitambaa, palikuwa na karata moja. Saba ya kopa. Nikamuuliza Baltasar aliyekuwa mlangoni, karata yako ilikuwa ipi. Aliiona mkononi mwangu akakaa chini kwenye ngazi.

Don Evaristo alifariki siku iliyofuata.

Kwenye nyumba ya kuagia maiti walimlaza nyuma ya kioo, amevalishwa suti, mikono imekunjwa kifuani na rozari juu yake. Sisi wa Chama tulikuja wote. Jamaa walisali, wakalia, wakaondoka. Sisi tukabaki tumejipanga mbele ya kioo, tukimtazama. Hakuna aliyekuwa wa kwanza kugeuka.

Fulgencio ndiye aliyeanza, kwa kunong'ona. Alisema ni jambo la kusikitisha, lakini kwenye orodha ya viti ataandika nini? Marehemu hakumaliza.

"Karata ilikuwa pale," nikasema. "Ulitaka afufuke akuinulie kitambaa?"

"Viganja, Ximo. Sikutunga mimi hiyo kanuni."

"Fulgencio, nyamaza," Baltasar akasema. Lakini hakusema kwamba kanuni haipo.

Doña Obdulia alikuwa nyuma yetu. Hatukujua amesikia kiasi gani.

"Mnangoja nini?" akauliza.

Wazee wakatazama viatu. Ikabidi niseme mimi. Nikamweleza habari ya viganja, na kiti, na kwamba kwa kanuni zetu Don Evaristo bado alikuwa anacheza. Nilijitahidi isisikike kama utani. Ilisikika kama utani.

Doña Obdulia akaenda kwenye mlango mdogo wa pembeni. Mhudumu akajaribu kumzuia, naye akampita kama anavyopita pazia. Tukamwona akitokea upande wa pili wa kioo. Akaitoa rozari, akaitia mfukoni mwa koti lake. Mkono wa kulia haukutaka, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaegemea kwa uzito wa mwili mpaka ukakubali. Halafu wa kushoto. Akavilaza viganja vyote viwili juu ya shuka, vikitazama juu, vitupu.

Akageuka akatutazama kupitia kioo. Hatukusikia alichosema, lakini mdomo wake ulisomeka vizuri: "Haya. Ondokeni."

Baltasar akavua kofia. Tukatoka mmoja mmoja, na nje hakuna aliyependekeza tukanywe kitu.

Jumamosi iliyofuata tulikuta wapagazi wameshatutangulia. Casilda alisema Doña Obdulia alikuja nao mwenyewe, akauliza kiti cha mumewe ni kipi, akakichukua. Kiti kilikuwa cha Don Evaristo. Kwa kanuni zetu, hilo sasa halina ubishi.

Pale kilipokuwa, sakafuni, alikuwa ameacha kile kitabu chembamba. Mimi ndiye mtunza kabati. Ngazi ipo, rafu ya juu ina nafasi yake. Wenzangu wamejifunza kukizunguka wanapokwenda mezani, nami bado sijakiinua.