Namba ya Mwokaji

...na kidole chake bado kimesimama kwenye mstari ule ule wa faili la mwokaji, afisa wa mikopo, kalamu mkono wa pili, anasema, "Mama Salio, huyu binti baba yake ana doa," na simlaumu, anasoma tu kilichoandikwa, kosa la mteja, alitaja namba ya akaunti isiyo yake, mzigo wake wa unga ukasimamishwa siku tatu, na chini yake wino mwekundu wa bosi wangu wa zamani, mtu aliyesahihisha hata kadi za harusi alizoalikwa, afisa anaendelea, "binti anataka magunia arobaini ya unga kwa wiki, alipe baada ya siku thelathini," "ana zabuni ya mikate ya hospitali, inaanza Jumatatu, bila mkopo wetu hawezi, lakini baba akikosea namba, mtoto atakosea tarehe," anacheka, nami nacheka kidogo, kama ninavyocheka mteja akiniambia hundi iko njiani... 0417, ndiyo ilikuwa namba ya mwokaji, baba yake, nami nikaandika 0471, mwezi wangu wa nne wa majaribio kazini, malipo yake yote nikayaingiza kwa mwenye kiwanda cha biskuti, ambaye alinyamaza, nani atapiga simu kulalamika kwamba anadaiwa pungufu, kisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikachapa barua ya kumsimamishia mwokaji mzigo, kwa heshima zote, nukta na mkato mahali pake, akaja siku ya nne, nyusi zake safi, hazina unga hata chembe, hapo ndipo nilipojua jiko lake limelala, mkononi ana hati ya benki ya malipo yake, na bosi akitoka ofisini ananguruma, "Nani tena amelala hapa?", na lilikuwa kosa langu la pili, la kwanza alishaniambia, rudia nikuonyeshe lango, nilishika mashine ya kubana karatasi ikawa inalia yenyewe, kwa kutetemeka, mwokaji akaitazama ile mashine, akanitazama mimi, akairudisha hati mfukoni, taratibu, "Mzee mwenzangu, usimpigie kelele mtoto wa watu, namba niliitaja mimi kwa simu, nikaipindua, macho yamekwisha kwa moshi," simu gani, hakukuwa na simu yoyote, na pale ngazini akanipa ile hati, "Shika, binti, namba soma kwa kidole," nikaja kusema asante baba, alikuwa keshashuka, ana mikate ya siku tatu ya kufidia... "Mama Salio, nikatae?" anauliza, "Ngoja kidogo," nasema, "Nangoja, ila wewe kichwa chako ni kabati la mafaili, ukifungua droo moja tunalala hapa," ndiyo, ngoja, miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kitengo hiki cha wadaiwa, sasa ndimi mkuu wake, na kila nilichojifunza nilijifunza baada ya siku ile, kutuma ankara kabla mteja hajaiulizia, kulinganisha kila malipo na ankara yake, kumpigia aliyechelewa bila kumvua nguo, sijawahi tena kutia sahihi barua ya kusimamisha mzigo kabla sijaipitia namba kwa kidole, makarani wananicheka, wacha wacheke, mshahara wa kazi hii ulimjengea mama paa, ulimsomesha mdogo wetu wa mwisho, leo ni mfamasia, na katika daftari la ukoo, ninaloandika mimi, nani kazaliwa lini, nani kafa lini, nani kambeba nani, niliandika, ada ya mdogo wetu, miaka minne, imelipwa na dada, bila kufuta hata herufi, shangazi hulisoma mbele ya watu, "dada yenu aliwabeba hawa," nami naangalia chini, wanadhani ni haya, na hati ile ya benki imo humo humo katikati ya kurasa, 0417 imeandikwa vizuri kabisa, mjomba aliwahi kuiuliza, nikasema ni alama ya ukurasa... hakunidai kitu yule mzee, kila mwezi alikuja kulipa, "Kidole, binti?", "Kidole, baba," basi, mpaka alipougua, na mazikoni mwaka jana nilikaa nyuma, binti yake akaja kunishika mikono, "Nyie watu wa unga mlimvumilia sana baba yangu na lile kosa lake," nami nikaitikia, nikaitikia kwa kichwa, Mungu wangu, nikapokea shukrani ambazo ni mimi niliyepaswa kuzitoa... na mhasibu mkuu yuko pale nyuma ya kioo, nitaitwa, nitaulizwa kwa nini nilinyamaza miaka yote hiyo, niulizwe tu, hofu naitafuta mahali ilipokuwa siku zote, siioni, naona miaka minne ya ada ikiwa na jina la mwokaji juu, limekaa vizuri, naona jinsi nilivyobahatika, kati ya wateja wote mia tisa nikampindulia namba yeye, na binti nitamwendea mwenyewe, kwa miguu yangu, si kwa barua, na afisa hajasogeza kidole, kalamu iko juu ya karatasi, "Mama Salio?", na mimi navuta pumzi, ya kusema ninayo, ni machache tu, baba yake hakukosea, niliandika mimi