Wimbo wa Sita, Albamu ya Nane

Usiku wa jana, baada ya kula kiporo na kulalia mkono, niliota nimeitwa kwenye albamu ya nane ya ile bendi ya roki. Jina la bendi silitaji. Unaijua, hata kuku wa jirani wanaijua, kwa jinsi kaka yangu alivyokuwa akiipiga. Albamu saba za kwanza watu walizililia. Ya nane wakasema, "Si mbaya." Sijui tusi kubwa kuliko hilo.

Getini zimekaa nyota tatu na rungu.

"Karibu, dada. Sisi ndio alama ilizopewa albamu hii," inasema moja.

"Si nyota huwa tano?"

"Mbili hazikupatikana."

Napewa chai vuguvugu, nusu kikombe. Mlango unafunguka nusu. Ndio utaratibu wa humu, wananiambia, hakuna kuzidisha. Mimi nina mwili wangu, basi naingia kiubavu.

Ndani kuna ngoma kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu. Imevaa miwani.

"Wewe ni shabiki au familia?"

"Familia."

Ngoma inavua miwani. "Kuna mtu ana familia humu?"

Naieleza. Kaka yangu Mwandoe alikuwa kazini Ghuba, na sisi tuko Voi. Siku hizo mtu akitaka kusalimia nyumbani alirekodi sauti kwenye kanda, akampa mwenzake anayerudi. Kanda tupu hakuwa nayo. Alikuwa na za bendi hii, nyingine nzuri, na hii ya nane, aliyoinunua huko huko. Mtu na akili zake hafuti albamu nzuri kwa ajili ya kumsalimia mama. Akaziba kwa karatasi vile vitundu vya kanda vinavyozuia kurekodi, akarekodi juu ya mwanzo wa wimbo wa sita: hamjambo, mama umeamkaje, huku joto. Halafu akaniambia mimi, "Wakesho, nikirudi nikute—" na hapo gitaa likaingia, likaendelea mpaka mwisho wa wimbo. Akarudi kweli, lakini ndani ya sanduku.

"Kwa hiyo unataka nini?" inauliza ngoma.

"Mwisho wa sentensi."

Ngoma inafikiri kwa mguu: du, du. "Upande wa B. Mrudisheni nyuma."

Nyota moja inachomoa kalamu ya biki, inaichomeka kwenye tundu la mbinguni na kuanza kuzungusha, kama tulivyokuwa tukizungusha kanda ili tusimalize betri. Barabara ni utepe wa kahawia, unateleza chini ya miguu yangu. Nimesimama lakini natembea. Wimbo wa tisa ni stesheni ya Voi, abiria wote wanateremka kinyumenyume. Wimbo wa saba ni jikoni kwetu, ila jiko liko darini na sufuria haimwagiki. Napita na kusalimia.

Wimbo wa sita umekaa mbele ya nyumba isiyo na ukuta wa mbele. Umevaa suruali ya ngozi. Nywele zake zinaanzia kisogoni.

"Hodi."

"Karibu. Samahani, sina mwanzo."

"Namtafuta kaka yangu."

"Yumo. Ameukalia huo mwanzo. Miaka yote hii mkiniwasha naingia na solo moja kwa moja, kama mtu aliyefumaniwa. Hata nilikuwa naimba kuhusu nini sikumbuki."

Mwandoe yuko sebuleni na ovaroli ya bluu, kikombe mkononi. Alikuwa mkubwa kwangu. Sasa ni kijana mdogo, ndevu hazijakaza. Nataka kumwita kaka, mdomo unasita.

"Wakesho! Umenenepa."

"Na wewe umekufa."

"Ndiyo, na hilo nalo."

Tunacheka kidogo. Nagusa ovaroli yake. Ina joto, kama redio iliyowashwa tangu asubuhi.

"Malizia sentensi yako," namwambia. "Nimechoka kuimalizia mwenyewe."

Anakohoa, anakaa sawa. "Wakesho, nikirudi nikute—"

Gitaa linabomoa ukuta wa pili. Anafunga mdomo, anasubiri linyamaze.

"Unaona?"

Wimbo unachungulia. "Akinirudishia mwanzo wangu, nitaanza polepole, amalize. Lakini utepe ni mmoja. Akimaliza, anatoka."

"Anatoka kwenda wapi?"

"Dada, mimi ni wimbo. Hata korasi yangu sijui inaelekea wapi."

Nyumbani hatuna sauti yake nyingine. Picha tunayo ya kitambulisho, amekodoa macho kama kashikwa na kuku wa watu. Nasema, "Hapana. Kaa hapo hapo, nitakuwa nakuja."

Mwandoe anaweka kikombe chini.

"Umewahi kushikwa na chafya isiyotoka? Basi mimi nimeshikwa tangu ulipokuwa msichana. Na kila mkiniwasha namsalimia mama, na mama najua ananijibu, lakini simsikii. Huwa anasema nini?"

"Husema, nzuri mwanangu, umekula?"

Anakuna kidevu.

"Mwambie nimekula."

Namtazama mpaka macho yanauma. Halafu nauambia wimbo, "Haya, anza. Kabla sijabadili mawazo."

Wimbo unakaza mkanda wa suruali. Unaanza taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake: unapanda kidogo, unasita, unashuka. Ni mwanzo mzuri. Si mzuri kupita kiasi.

Na juu yake Mwandoe anasema, bila kukatizwa na mtu:

"Wakesho, nikirudi nikute kimanga cha muhogo na choroko. Na chumvi atie mama, wewe utaniua."

Miaka yote nilidhani ni wosia! Nilidhani ni siri ya shamba, au ahadi ya kunipeleka Ghuba. Nacheka mpaka nainama. Ninapoinua uso kiti ni kitupu, kikombe kimebaki nusu, na wimbo umefumba macho, umenogewa.

Nimeamka jua limeshapanda, mto umelowa upande mmoja. Kanda sijathubutu kuiwasha, ipo redioni na itakaa hapo kwanza.

Mama alikuwa uani anapeta choroko. Mama hajui Kiingereza, na muziki wa Mwandoe anauita vita vya mabati mpaka leo. Alikuwa anaimba kwa pua, hajijui. Sauti ilipanda kidogo, ikasita, ikashuka.

Nilisimama mlangoni. Mwanzo ule hakuna aliyewahi kuusikia katika nyumba hii.

"Mbona umeganda kama nguzo ya stima?" akauliza.

"Mama, anasema amekula."

Ungo ulisimama. Hakuuliza nani. Akapuliza makapi, akaendelea kuimba pale alipoachia.