Wifi Mwenye Kikasha Kitupu

Ofisini walimwita Mama Pacha, na ilikuwa vigumu kumpata mtu aliyekumbuka jina lake jingine. Kampuni yao ilitengeneza lifti za majengo. Ilikuwa na mafundi kumi na wawili, magari matatu, na chumba kimoja kirefu chenye meza sita, ambako malalamiko ya wasimamizi wa majengo yalipokewa na kugawiwa mafundi. Mama Pacha alikuwa ameikalia meza ya dirishani kwa miaka kumi na mmoja. Kwenye kikasha chake cha barua pepe zilikuwa zimelala barua zaidi ya elfu sita ambazo hazijasomwa, na aliitaja idadi hiyo jinsi askari mstaafu anavyoonyesha kovu.

"Siku nisipokuja mimi," alikuwa akisema, "lifti zote za mji huu zitasimama."

Alijibu barua huku akikoroga sufuria. Alijibu akiwa chooni. Alijibu huku watoto wake pacha, msichana na mvulana wa miaka minane, wakimsimulia mambo ya shule, mdomo ukisema "ehee, ehee" na kidole gumba kikiendelea na kazi yake.

Nafasi ilipotokea ofisini, mume wake, ambaye ni mwalimu wa udereva, alimbembeleza amtaje dada yake mdogo kwa meneja. Mama Pacha akamtaja. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi: mwiba alikuwa ameuokota mwenyewe na kuuleta ndani.

Wifi alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, mpole, mzito wa kucheka. Wiki ya kwanza wenzao walipata mchezo. Mtandao ukikatika, mtu anauliza, "Wifi ipo?" na Mama Pacha anajibu, "Ipi, ya kompyuta au ya ukoo?" Chumba kizima kinaangua kicheko, naye akicheka nao. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza.

Mwezi wa pili aliinama kwenye meza ya wifi yake kuazima stepla, macho yakaangukia kioo cha kompyuta. Kikasha kilikuwa kitupu. Hakikuwa na barua hata moja, cheupe kama sahani iliyooshwa.

"Umezificha wapi?" akauliza.

"Nini, wifi?"

"Barua zako."

"Zimekwisha."

Zimekwisha! Mama Pacha alirudi kwenye kiti chake bila stepla. Barua zinakwishaje? Maji ya bomba yanakwisha, subira inakwisha. Barua za kazi hazijawahi kumwishia mtu. Akaanza kumpeleleza. Akagundua kwamba wifi alifungua barua mara tatu tu kwa siku: saa tatu, saa sita na saa tisa. Hapo katikati simu yake ililala kifudifudi na yeye alikuwa akipanga ratiba za mafundi. Akifungua barua, hakuiacha mpaka ameipa njia. Ya kujibiwa kwa dakika mbili aliijibu palepale, ya fundi ilikwenda kwa fundi, ya kungoja aliiandika kwenye daftari pamoja na tarehe, na ya porojo aliifuta bila huruma. Mtu akiandikiana naye mara tatu bila kuelewana, aliinua simu. "Halo, kaka, tumeandikiana vya kutosha. Huo mlango unafanyaje hasa?" Saa kumi kamili alichukua mkoba wake, akawaaga watu mmoja mmoja, akaondoka.

Mama Pacha aliyatazama mabega yake yakipita mlangoni, mabega yasiyobeba kitu, kisha akageukia kikasha chake cha barua elfu sita.

Angalau kama ingekuwa ofisini tu. Lakini wifi alikuwa na jioni zake nzima, na jioni hizo alizileta kwa kaka yake. Alikuja akawafundisha pacha kushona vifungo, akasikiliza hadithi ndefu zisizo na mwisho. Siku moja mume wake akasema huku akicheka, "Dada yangu anajua wakati wa kukanyaga breki. Wewe, mke wangu, uko gia ya tano hata kwenye maegesho." Mama Pacha alicheka kwa meno tu. Kisha yule pacha wa kike akaja na karatasi ya siku ya wazazi.

"Mama, naomba aje shangazi."

"Shangazi? Na mimi je?"

Mtoto alifikiri kidogo, hana nia mbaya. "Shangazi akikutazama, anakutazama."

Usiku ule hakula. Alimwambia mume wake kichwa kinamuuma.

Meneja wao waliyempa jina la Bwana Kifupi, kwa sababu kila barua yake ilianza na "kwa kifupi" ikaishia ukurasa wa tatu, ndiye aliyemwaga petroli. Kwenye kikao cha asubuhi alisimama akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuanzia leo huyu dada ndiye mwenye dharura. Ukipata barua ya hatari, mpelekee yeye, andika neno DHARURA juu yake. Na Ijumaa atatufundisha sote anavyofanya."

Watu wakapiga makofi. Mama Pacha alipiga pia. Miaka kumi na mmoja, akafikiri, na mimi ndimi mwenyeji wa kuponywa.

Hapo ndipo alipoanza. Karibu kila barua iliyomfikia alimpelekea wifi yake nakala. Matangazo ya wauza vilainishi, wasimamizi wakishukuru, mafundi wakiulizana funguo za gari ziko wapi, zote juu yake ameandika: "Kwa taarifa yako." Mwanzo zilikuwa ishirini kwa siku. Wiki ya pili zilifika sabini. Alipochoka kuzifungua moja moja, alizichagua kwa mafungu na kuzisukuma bila kuzisoma, na kila alipobonyeza alimtazama wifi pembeni, aone kama mabega yale yameanza kushuka.

Wifi alikuja mezani kwake, adabu tele. "Wifi, hizi unazonitumia ni za kufanyia kazi au za kujua tu?"

"Za kujua tu, mpenzi. Usije ukaachwa nyuma."

"Ahsante. Basi nitakuwa nazisoma Ijumaa."

Akazitengenezea folda yake. Zikawa zinaingia humo zenyewe, na kikasha kikabaki kitupu vilevile. Mama Pacha karibu alie.

Jumanne moja, asubuhi, lifti ya jengo la ghorofa saba ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ghorofa ya tano ya jengo hilo kuna kliniki ya macho. Ndani ya lifti alikuwamo bibi aliyetoka kupasuliwa jicho, bado lina bandeji, pamoja na binti yake. Taa ilizimika. Walikaa humo karibu saa mbili mpaka mafundi walipofungua mlango kwa nondo. Hakuumia mtu, lakini yule bibi alitolewa akitetemeka mwili mzima.

Bwana Kifupi alitoka chumbani kwake amebadilika rangi. "Nimeambiwa jana tuliandikiwa kuhusu lifti hii! Barua iko wapi?"

Mama Pacha alitafuta. Akaiona. Ilikuwa katika fungu la jana alilolisukuma bila kusoma.

"Nilimpelekea mwenzangu," akasema. "Jana asubuhi. Hii hapa."

Na ni kweli alimpelekea. Neno DHARURA halikuwepo, lakini meneja alikuwa na mwenye jengo kwenye simu akimfokea sikioni, wala hakuangalia. Alimgeukia wifi. Wifi aliifungua ile folda, akateremka, akateremka, akaikuta.

"Ninayo," akasema polepole. "Sikuifungua." Akainua macho, akamtazama Mama Pacha.

Kufika jioni wifi alikuwa amenyang'anywa dharura na kupewa barua ya onyo. Na tusidanganyane: Mama Pacha alisikia utamu. Alitembea kwenda nyumbani hatua nyepesi, akanunua ndizi za watoto, akaimba jikoni. Utamu ule ulidumu mpaka mume wake alipouliza, "Dada ana nini? Simpati kwenye simu."

"Sijui," akajibu, akaacha kuimba.

Alhamisi alitumwa kwenda kuomba radhi kwa niaba ya kampuni. Msimamizi wa lile jengo alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Alimkaribisha kiti kwenye kibanda chake chini ya ngazi.

"Ndiwe Mama Pacha mwenyewe?"

"Ndimi, mzee wangu. Nimekuja kuomba radhi. Mwenzangu aliyepokea barua yako—"

"Mwenzako yupi?" Mzee alitoa simu, akaisogeza mbali na macho apate kusoma. "Mimi nilikuandikia wewe. Jumatatu ya juma lililopita: lifti inasimama chini ya sakafu kwa kiganja kizima. Alhamisi nikaandika tena. Jumatatu hii nikaandika ya tatu. Nikasema, huyu mama ana kazi nyingi, nisimghasi kwa simu." Hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. "Sisi tulikuwa tunamsikia bibi kutoka huku nje. Alikuwa akimuuliza bintiye, 'Mwanangu, ni jicho langu au ni taa?' Kila dakika anauliza. Bintiye anamwambia ni taa, mama, ni taa. Haamini."

Mama Pacha aliaga. Akapanda ngazi aende kuona lifti ilipokwama, lakini alipofika ghorofa ya pili akakaa. Akafungua simu akazitafuta zile barua. Mbili za kwanza zilikuwemo katika yale maelfu yake, hazijaguswa, hata kwa wifi hazikusukumwa. Akazisoma pale ngazini. Zilikuwa fupi, zenye heshima, na kila moja iliishia, "Tafadhali, mama."

Saa nane alikuwa mbele ya Bwana Kifupi.

"Barua ya lifti ilikuwa yangu. Niliandikiwa mara tatu. Mwenzangu nilimfukia kwa barua kusudi, na hii ilikwenda humo."

"Kusudi la nini?"

"Wivu," akasema.

Meneja alimsukumia kalamu na karatasi. "Yaandike hayo." Mama Pacha aliandika mistari minne, akatia sahihi.

Onyo la wifi likafutwa, likaandikwa jipya kwa jina la Mama Pacha. Wifi akarudishiwa dharura, na juu yake akapewa usimamizi wa meza zote sita. Mama Pacha alimfuata kwenye korido.

"Wifi, nisamehe."

"Nilijua," wifi akasema. "Barua sabini kwa siku! Mimi si mtoto. Nilidhani utachoka."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kaka, kwamba mkeo aliyenitafutia kazi ananionea kijicho? Au meneja?" Akaanza kuondoka, akageuka. "Siku ile ulinitazama nikipewa ile karatasi, ukanyamaza. Hilo ndilo silisahau. Naomba uniache kwanza."

Alimwacha. Mume alipoyasikia, kutoka kwake yeye mwenyewe, alikaa siku mbili bila utani wa gia wala breki. Wifi hakukanyaga nyumbani kwao mwezi mzima. Pacha walipouliza, Mama Pacha aliwaambia, "Nilimkosea," na walipouliza vipi, akawaambia hilo nalo.

Mwezi ulipokwisha, asubuhi moja wifi alivuta kiti akakaa kando yake. "Leo tunafanya kazi. Undugu tutaurudia baadaye." Akamwonyesha. Barua zote za zaidi ya mwezi mmoja zikusanywe, zitiwe kwenye folda moja, zisisomwe.

"Zote? Je, kama kuna mtu ananingoja?"

"Za lifti nimeshazitafuta kwa majina ya majengo, nimezitoa, hizi hapa, ni thelathini na mbili. Tutampigia kila mmoja leo. Zilizobaki, anayekungoja ataandika tena. Na akiandika, utamwomba radhi."

Mama Pacha alifumba macho akabonyeza. Wiki nzima alikaa roho juu, akingoja mji umwangukie. Waliandika watu tisa.

"Tisa tu?" akamuuliza wifi yake.

"Tisa."

Alikuwa ametegemea nafuu, akapata huzuni. Katika maelfu yote yale yaliyokula chakula chake na jioni zake, ukiwaacha wale wa lifti, waliokuwa wakimhitaji kweli hawakufika hata idadi ya mafundi wa kampuni. Alikwenda msalani akalia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Akajifunza, ingawa kwa shida. Siku za kwanza, kati ya saa tatu na saa sita, mkono wake ulikwenda kwenye simu wenyewe kama mkono wa mvuta sigara. Kikasha chake hakikuwahi kuwa kitupu kabisa. Kilibaki na sita, saba, siku mbaya kumi na tano. Cha wifi kilikuwa kitupu kila siku, na kila siku jambo hilo lilimchoma, ingawa sasa ni sindano, si kisu.

Jioni moja waliteremka ngazi pamoja, saa kumi na nusu, jua bado kali. Mama Pacha akasema bila kujiandaa, "Bado nakuonea wivu, wifi."

"Najua. Jana ulinitazama kama niliyekula chakula chako."

"Nifanyeje sasa?"

"Niambie kwa mdomo," wifi akasema. "Usiniandikie."

Basi akamwambia. Alianza na mwendo wake, hiyo namna ya kutembea bila haraka kama mtu anayemiliki barabara, akaja kwenye sauti yake ya simu, akaja kwenye mambo ambayo wifi hakuwahi hata kuyajua, na walipofika njia panda alikuwa hajafika nusu.