Kundi Lenye Jicho Moja

Kila jioni, akishateremsha nusu ya mlango wa chuma wa duka lake, fundi saa alisukuma vyombo vyake pembeni, akapanga meza kwenye chumba cha nyuma, na watu wakaingia kucheza Go. Mchezo wenyewe ni ubao wa mistari, kete nyeusi, kete nyeupe, na kuzingirana. Kundi la kete likizingirwa huponea kwa matundu mawili yaliyo wazi ndani yake, ambayo wachezaji huyaita macho. Lenye jicho moja limekufa. Ila haliondolewi hapo hapo. Linaachwa ubaoni mpaka mwisho, wachezaji wakubaliane kwamba ni maiti, ndipo lizolewe.

Fundi saa, ambaye wote walimwita Mzee, alikuwa na watoto wawili. Dada Mkubwa ndiye aliyefagia chumba, akaosha kete kwa sabuni, akafundisha wanaoanza. Kitindamimba, mwanamume mzima na ndevu zake, alikuja siku akijisikia. Magoti ya Mzee yalipochoka, alitangaza kwamba wanawe watacheza mchezo mmoja, na atakayeshinda atapewa ufunguo wa chumba na kiti cha mwalimu. Dada Mkubwa hakuwahi kutaka kitu kingine duniani.

Ugonjwa wake ulikuwa kidole. Aliweka kete kwanza, akafikiri baadaye. Basi akaanza kujifunza kusoma hatua kabla hazijachezwa. Alipanga fumbo dogo la kete, akakalia mikono yake, akafuata njia moja kichwani: mimi hapa, yeye pale, mimi hapa tena, mpaka mwisho kabisa, ndipo akashika njia nyingine. Akipotea katikati, alianza upya. Mikono ilikufa ganzi, lakini hakuitoa.

Asubuhi moja fumbo likaanza kunuka, harufu ya panya aliyefia nyuma ya kabati. Akalisoma tena, akakuta kundi la katikati lina jicho moja tu. Tangu hapo, kundi lolote alilolisoma mpaka mwisho na kulikuta limekufa lilioza pale pale, likatoa maji na kuita nzi. Wachezaji hawakulalamika sana. Mwalimu wa hesabu, mteja wa miaka mingi, alisema inampunguzia kazi, akahamia meza ya dirishani.

Siku ya mchezo chumba kilijaa. Kitindamimba alicheza mbio mbio kama kawaida yake, akigonga kete kwa kishindo ili aonekane. Hakuangalia kundi lake kubwa la kete nyeusi lilivyozungukwa. Dada Mkubwa alikalia mikono, akalisoma njia zote, kisha akaweka kete moja nyeupe taratibu. Kundi likageuka kijani kwenye kingo. Funza wakatoka chini ya kete, wakatembea kwa kufuata mistari. Watu wakatoa leso, na Kitindamimba akaendelea kucheza huku amebana pua.

Bila kundi lile hakuwa na kitu. Mchezo ulipokwisha, Dada Mkubwa akanyoosha mkono alizoe. Mdogo wake akamshika kiganja, akasema liko hai.

Katika chumba kile, wachezaji wasipokubaliana, mwenye chumba ndiye anayeamua. Dada Mkubwa aliomba waendelee kidogo tu, aonyeshe. Mzee akasema mchezo umeshaisha, na kumfukuzia ndugu yako mpaka chini si adabu. Akainamia ubao. Funza mmoja akampanda kidoleni, naye akampangusa kwenye suruali, mtu mzima na heshima zake, akasema analiona liko hai. Inatia kinyaa kusimulia. Akamwuliza mwalimu wa hesabu, naye akatapika kidogo kwenye leso, akaikunja vizuri, akasema hata yeye analiona hivyo hivyo. Wengine walitikisa vichwa kukubali, midomo imefumbwa.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akampa Kitindamimba.

"Mcheza kwao hutunzwa," alisema.

"Na mimi hapa ni kwa nani, baba?"

Mzee alimwambia afungue dirisha.

Kwa kuwa kundi lililo hai haliondolewi, ubao uliachwa ulivyo, ukawekwa rafuni juu ya kiti cha mwalimu, kumbukumbu ya ushindi. Kitindamimba alikikalia kiti, lakini kufundisha kulimchosha. Kwa hiyo Dada Mkubwa aliendelea kufundisha akiwa amesimama, baada ya kufagia na kupuliza dawa ya nzi ambayo Mzee alimwagiza. Wanafunzi wapya walipokuja, aliwapa somo la kwanza, kwamba kundi lenye jicho moja limekufa. Waliziba pua kwa mkono mmoja, wakaandika kwa mwingine.