Mstari Mwekundu wa Sitwayeni Kalenga

Siku zile za Zaire sisi wote tulikuwa masitwayeni, yaani wananchi, lakini Sitwayeni Kalenga, muuguzi mkuu wa dispanseri moja ya Kalemie kando ya ziwa, alikuwa na mstari mzuri kuliko wetu wote. Aliuchora ukutani kwa kalamu nyekundu: wagonjwa wa kuhara kila juma. Ulishuka tu, kama mtu anayeteremka kwenda kuoga. Masomo ya misioni kule Moba yalimfunza kwamba anayefanya vizuri hupewa zawadi, kwa hiyo wenye kuhara aliwaandika "homa", akawalaza nyuma, kwenye materinite, wodi ya wazazi. Hata mtoto wa jirani yetu Papa Mwamba, alipokufa kwa kuhara, alizikwa kwa homa.

Siku ya ukaguzi, akina mama walicheza animasyo, zile ngoma za kusifu chama, wakauimbia mstari. Dokta Ilunga, mkaguzi, alitazama ukuta, akapiga makofi, kisha akamkataza dereva wake kushusha katoni.

"Katoni za nini, Dokta?"

"Serumu, maji ya mishipa ya wenye kuhara. Zinaenda Kabimba. Kule mstari unapanda, masikini. Wewe hauna lazima nazo."

Kalenga alicheka kwa meno tu. Miaka yote alidhani mstari ni maksi za shule. Kumbe ulikuwa mkono wa kuombea.

Mujinga, mke wake, akamvuta shati. "Mama yangu anaisha kule nyuma. Chupa ya mwisho imekauka tangu asubuhi."

"Nisemeje? Yeye njo mukwe wangu."

Kwao mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, na akimwona njiani hukata kona. Sasa atangazie mtaa mzima habari za tumbo lake?

"Basi heshima yake utamupa kaburini," Mujinga akasema.

Gari lilikwisha kuwaka. Kalenga akashika kalamu, akauvuta mstari hadi karibu na dari. Ngoma zikanyamaza.

"Umepanda saa ngapi?" dokta akauliza.

"Sasa hivi, Dokta. Materinite imejaa. Na mama mukwe wangu anahara."

Aliyasema akiangalia vidole vya miguu yake. Waimbaji walijiziba vinywa kwa vitenge. Katoni zikashuka.

Mama mkwe alipona. Ile ncha karibu na dari, mtaa uliibatiza Mama Mukwe. Siku ya kurudi nyumbani alisimama chini yake, mgongo kwa Kalenga, maana heshima ni heshima, akamtuma binti yake:

"Mujinga, uliza bwana yako: mimi niko pale juu. Mutoto wa Mwamba, amemuweka wapi?"

Kalenga akaanza kutafuta kalamu nyekundu, nayo ilikuwa sikioni mwake.